Katiba ya Marekani Kwenye Mashine ya Kusaga ya Mbulumbulu

Wanangu mnaoanza kazi ya maendeleo ya jamii, ninyi mnaonijia hapa nyumbani Karatu na simu zenu kubwa kuniuliza, "Mama, zamani mlifanyaje kazi bila kompyuta?", nimechoka kuwajibu mlangoni nikiwa nimeshika ufagio. Nimeamua kuandika. Mtaona naanza na kuku, naingia Marekani, kisha natokea kwenye mashine ya kusaga mahindi. Msikunje uso. Kwa upande wangu njia ya kwenda Marekani ilipitia Mbulumbulu, na niliipita kwa miguu zaidi kuliko kwa pikipiki, maana petroli ilikuwa ya kibali na kibali kilikuwa cha kubembeleza.

Nilifika Karatu miaka ya sabini, binti wa Kipare kutoka milima ya Same, nina sanduku la bati na cheti cha chuo. Jina langu ni Nakijwa, lakini hakuna aliyelitumia. Niliitwa Mama Maendeleo kabla sijawa mama wa mtu yeyote. Kiiraqw nilijifunza cha kutosha kusalimiwa na kupunjwa gulioni, kikakua kidogo kidogo hadi nikaweza kusikia ninavyosengenywa. Hapo ndipo afisa anapoanza kazi kweli.

Jambo la kwanza ninalotaka mlishike: msimpelekee mtu katiba iliyokwisha kuandikwa. Kikundi changu cha kwanza kilikuwa cha kufuga kuku, kule Endamarariek. Ofisi ilinipa katiba ya mfano, imepigwa chapa safi. Niliwasomea akina mama, wakapiga makofi, wakatia dole gumba. Baadaye nikamkuta mmoja wao gulioni anauza ugoro, na ule ugoro umefungwa ndani ya kifungu cha wajibu wa mweka hazina. Nikamuuliza, mama, mbona hivi? Akanijibu kwa upole kabisa kwamba karatasi ile ni nzuri, haipitishi unyevu. Hakuwa na ubaya wowote. Katiba ile haikuwa yake, ilikuwa yangu, nami niliiacha kwake kama mtu anayesahau mwavuli.

Njiani kurudi nilimkumbuka mwalimu wangu wa chuoni, Bwana Semvua, Msambaa mfupi aliyevaa koti hata wakati wa joto. Alitufundisha siasa ya nchi yetu kama mtaala ulivyotaka, na dakika za mwisho za kipindi alitufungulia nchi za watu. Alipenda kuliko vyote kisa cha Wamarekani walivyoanzisha serikali yao. "Hili si somo la kuiga," alikuwa akisema. "Ni la kuchungulia. Chungulia jirani anavyopika, kisha rudi jikoni kwako." Wakati ule tulikuwa na chama kimoja, na magazeti yetu hayakuwa na neno zuri kwa Wamarekani, kwa hiyo tulichungulia kwa hamu kubwa.

Alitueleza kwamba wale watu walipokwisha kujitoa kwa mfalme wa Uingereza walikuwa na majimbo kumi na matatu, na kila jimbo lilijiona nchi kamili. Mapatano yao ya kwanza yalikuwa legelege. Serikali ya kati haikuweza hata kutoza kodi. Ilibaki kuyaomba majimbo, na majimbo yakawa yanaangalia pembeni. Basi wajumbe wakakutana katika mji wa Filadelfia, wakafunga milango na madirisha wakati wa joto ili maneno yasivuje, wakabishana kiangazi kizima. Waliyemwogopa zaidi, alisema Bwana Semvua, ni wao wenyewe. Walikuwa wameonja mfalme mmoja, na walijua kwamba yeyote kati yao akikabidhiwa kila kitu atakuwa mfalme wa pili. Kwa hiyo hawakukaa kutafuta mtu mwema wa kumpa nchi. Waligawa madaraka. Bunge litunge sheria, rais atekeleze, mahakama iamue, na kila mmoja awe na namna ya kumshika mwenzake mkono. Rais aweza kuukataa muswada, lakini theluthi mbili za wabunge katika kila baraza la bunge zikisimama zinampita. Majaji huteuliwa na rais, lakini Seneti lazima ikubali, na wakishakalia kiti hawaondolewi kwa kosa la kumuudhi mtu.

Mkitaka kulieleza hili vijijini, nawaomba sana msitumie mfano wa mafiga matatu. Kila afisa anatumia mafiga matatu, na akina mama wameyachoka, maana wao ndio wanaoyainamia kila siku macho yakitoka machozi. Tafuteni kitu kinachowagusa wenyewe.

Mbulumbulu kitu hicho kilikuwepo. Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, sabuni ya kugawana vipande na sukari ya kusikia kwenye redio. Mahindi watu walikuwa nayo, Mungu ashukuriwe, lakini kuyasaga ilikuwa ama jiwe la nyumbani ama kubeba debe kichwani hadi Karatu na kurudi jioni shingo imekakamaa. Wafadhili fulani wakakubali kuwapa akina mama mashine ya kusaga ya injini ya dizeli, kwa sharti kwamba kikundi kiwe na katiba. Vitongoji vya kikundi vilikuwa vitatu. Bondeni kilikuwa kikubwa, kando ya barabara. Kilimani na Msituni vilikuwa vidogo, na Msituni kiko juu kabisa, ambako mashamba yanagusana na msitu wa Ngorongoro na nyati walikuwa wanashuka kula ngano bila kuona haya.

Wote walitaka mwenyekiti awe Mama Katarina wa Bondeni. Alikuwa mjane mrefu, mwenye sauti ya kumrudisha ng'ombe aliye bonde la pili, na mkono wake haukuwa mzito kumsaidia mtu. Walitaka atunge masharti, ashike ufunguo wa mashine, na ugomvi ukitokea aamue yeye.

"Si ni mtu mwema?" waliniuliza.

Ni mwema, nikasema, na mimi nampenda. Ndipo nikawafungulia habari za Filadelfia pale kwenye kivuli cha ghala la ushirika, wengine wakisikiliza huku wanapukuchua mahindi.

"Walifunga madirisha kwenye joto?" aliuliza Bibi Martina wa Msituni, kikongwe aliyekuwa na jino moja na maswali mengi.

"Walifunga, Ayo." Ayo ni mama kwa Kiiraqw, nami niliwaita hivyo wote walionizidi umri.

"Na wake zao walikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Basi ndiyo maana ilichukua kiangazi kizima."

Walicheka mpaka mahindi yakamwagika. Lakini kicheko kilikatika tulipofika kwenye kura. Bondeni walisema kura zihesabiwe kwa nyumba, mwenye nyumba nyingi awe na sauti kubwa. Msituni na Kilimani wakasema hapana, kila kitongoji kiwe sawa, la sivyo Bondeni watajisagia asubuhi na wao watangoja hadi jua lizame. Watu waligawanyika, wengine wakaanza kukung'uta khanga waondoke. Nikawaambia, kaeni, huu ugomvi wenu una wazee wake. Majimbo makubwa na madogo ya Marekani yaligombana hivi hivi na nusura mkutano uvunjike. Wakaishia kuwa na mabaraza mawili: moja wajumbe wake kwa kadiri ya wingi wa watu, la pili kila jimbo wajumbe wawili, kubwa au dogo. Sheria isiyopita kote kuwili haiwi sheria.

Mama Katarina akasema, "Yaani mkubwa anabaki na ukubwa wake, na mdogo hamezwi."

Wakafanya hivyo. Walikuwa na kikao cha nyumba na kikao cha vitongoji. Mama Katarina akapewa uenyekiti na ufunguo, pamoja na haki ya kukataa uamuzi na kuurudisha. Ugomvi ukawekwa mikononi mwa wazee watatu wa kike, mmoja kwa kila kitongoji, wakiongozwa na Bibi Martina, na mwenyekiti hakuruhusiwa kuwagusa. Niliandika kwa maneno yao, si ya ofisi. Katiba ile hakuna aliyeifungia ugoro.

Kulikuwa na kifungu kimoja ambacho hakikuingia. Niliwaeleza kwamba Wamarekani walipopeleka katiba yao majimboni ili ikubaliwe, watu wengi waliuliza: tumeona serikali itakavyofanya kazi, je, ni wapi imeandikwa mambo ambayo haitatufanyia? Waandishi wengine wakajibu kwamba haina haja, serikali haikupewa uwezo huo, ya nini kukataza kisichokuwepo? Majimbo kadhaa hayakuridhika hata kidogo, yakakubali shingo upande kwa ahadi kwamba makatazo hayo yataongezwa. Baada ya muda mfupi yakaongezwa kweli: mtu asizibwe mdomo, aabudu apendavyo, asipekuliwe ovyo, asichukuliwe mali au uhai bila sheria kufuata njia yake. Bwana Semvua aliyaita mambo yasiyopigiwa kura. Hata wengi wakitaka, hata wakiwa na hasira ya haki, hapo hawapiti.

Basi nikapendekeza kifungu kimoja tu, kwamba mwanachama asinyimwe kusaga kwa sababu ya jambo lililoipata nyumba yake. Akina mama wakanitazama kwa huruma.

"Mama Maendeleo, unatutukana," Mama Katarina akasema, lakini anatabasamu. "Sisi ni ndugu. Nani atamnyima mwenzake unga?"

Wote wakaitikia. Alicheka hata mama mmoja wa Kilimani aliyekuwa na kawaida ya kuziba mdomo kwa kiganja akicheka, Mama Fabiola. Kifungu kikafutwa, nami sikushindana nao. Katiba ilikuwa yao.

Mashine ikaja juu ya trekta, ikapokewa kwa vigelegele na maziwa. Fundi wake alikuwa Amsi, mtu mzima mwenye masikio mazito kwa sababu ya injini. Amsi alinifundisha mengi ambayo chuo hakikunifundisha. Mkanda ukipiga kelele umelegea, ukinuka umekazwa mno. Mahindi mabichi usiyapeleke, yataganda ndani na utashinda unachokonoa. Na jambo moja zaidi, ambalo lazima niwaeleze vizuri, maana ndilo lililotugharimu: mashine haimtolei mtu unga wake wote. Kiasi hubaki ndani, kwenye kuta na kwenye wavu. Anayekuja nyuma yako, unga wake wa kwanza kutoka kwenye ule mfuko wa kitambaa ni wako wewe. Kwa hiyo kila mtu anakula kidogo cha aliyemtangulia, na anamwachia kidogo anayemfuata. Siku za kawaida hakuna anayelifikiria hilo.

Fabiola alikuwa binti pekee wa Mama Fabiola, baba yake alishafariki. Alikuwa Karatu akijifunza ushonaji. Akarudi nyumbani ana mimba, hajaolewa, na aliyempa amekwisha kuhama mji. Ninyi mtasema, si jambo la ajabu. Mjue basi kwamba kwa desturi ya zamani ya Wairaqw lilikuwa jambo zito sana. Msichana wa namna hiyo alitengwa na nyumba yake pia ilitengwa. Hawakushirikiana nao moto, wala chombo, wala chakula, kwa hofu kwamba watoto wa wengine watakufa tumboni na ng'ombe wataharibu mimba. Wakati ninaousema wengi walikuwa Wakristo na desturi ile ilikuwa imeanza kuchakaa. Lakini hofu haiondoki siku moja na desturi. Watu walimsalimia Mama Fabiola kanisani. Kwenye mashine walikumbuka kwamba unga wake utabaki ndani, na atakayefuata ataula.

Kikao cha nyumba kikakaa, kikaamua nyumba ile isisage. Kikao cha vitongoji kikakaa, vitongoji vyote vitatu vikanyoosha mikono. Uamuzi ukapelekwa kwa Mama Katarina, ambaye angeweza kuukataa, akautia dole gumba. Kila kizuizi tulichokijenga kilifanya kazi kama kilivyopangwa, na kila kimoja kikasema ndiyo.

Nawaomba msimhukumu Mama Katarina upesi. Mkwe wake, Theresia, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa amepoteza mimba zaidi ya mara moja. Mama Katarina ndiye aliyezika vile vichanga kwa mikono yake. Na wakati ule Theresia alikuwa na mimba nyingine, imefika mbali kuliko zote.

Mama Fabiola alinifuata ofisini Karatu. Alikaa kwenye benchi, akanyoosha viganja vyake nikaviona vimechubuka.

"Jiwe la kusagia sikulitupa," alisema. "Ila mikono imeshasahau. Fabiola ananiambia, mama, lete nisage mimi. Anapiga magoti na tumbo lile. Jiwe nalizoea, Mama Maendeleo. Lakini mwanangu anasikia injini inalia kule chini, anajua wote wapo pale. Ananiuliza, mtoto wangu akizaliwa naye atakuwa anasikia tu?"

Nililia mbele yake. Naliandika hili wazi ili msije mkadhani afisa halii. Kisha nikapangusa uso tukapanda kwenda kwa wazee watatu, maana ndiyo njia iliyokuwepo.

Bibi Martina alisikiliza pande zote. Aliniagiza nisome katiba yote mwanzo hadi mwisho, na nilipomaliza akaniambia nisome tena. Wenzake wawili wakamwachia aseme.

"Kwa moyo wangu, asage hata leo," alisema. "Lakini nimeitafuta sehemu ya kushika, sioni. Vikao vimekaa sawasawa. Mwenyekiti kakubali sawasawa. Hakuna palipoandikwa kwamba hawawezi."

"Ayo, si unaweza kusema tu?" nikamsihi. "Wewe ndiye mwamuzi."

"Nikitunga kifungu kwa sababu ninamhurumia huyu, kesho mwingine atakaa hapa atunge chake kwa sababu anamchukia mtu. Nendeni mkaongeze. Wewe ulituambia inaongezeka."

Nilitoka pale nimemkasirikia kikongwe yule kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Ilinichukua mwendo wote wa kushuka mlima kuelewa kwamba alikuwa ameilinda katiba kwa uchungu, na kwamba uchungu wenyewe aliuona kabla yangu.

Kuongeza kifungu hatukukufanya kuwe rahisi, kama Wamarekani nao walivyokataa kufanya kuwe rahisi. Kwao zinatakiwa theluthi mbili katika mabaraza, kisha robo tatu ya majimbo. Kwetu, vikao viwili, kisha kila kitongoji kikubali peke yake. Kwa hiyo tulitembea. Mimi sikuwa na petroli, na hata ningekuwa nayo, Mama Fabiola hakutaka kupanda pikipiki. Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Wengine walitukaribisha nje tu, kwenye kigoda cha uani, na chai haikuletwa. Sikuwahubiria. Afisa anayehubiri anasikilizwa kwa adabu na kusahauliwa kwa adabu. Niliwauliza tu ni jambo gani ambalo wao wenyewe wanaogopa lisije likaipata nyumba yao, kisha nikawaachia wajibu. Mmoja alisema ukoma. Mwingine alisema mume wake ana kesi. Msituni mama mmoja alisema, kwa sauti ndogo, kwamba binti yake yuko Arusha na hajui anafanya nini huko.

Vikao viwili vikakikubali kile kifungu kilichofutwa. Kilimani walikubali. Msituni walikubali. Ikabaki Bondeni, nyumbani kwa Mama Katarina, na tukakutana pale pale kwenye kivuli cha ghala. Fabiola hakuja, ila mama yake alikuja akakaa mbali kidogo na wenzake, mahali palipoachwa wazi.

Mama Katarina mwenyewe ndiye aliyeniuliza. "Wale watu wako wa madirisha. Uliniambia waliandika kwamba katiba ni ya watu. Watu gani?"

Swali hilo Bwana Semvua hakuwahi kulikwepa, nami sikulikwepa. Nikamwambia kwamba kulikuwa na watumwa, watu wa asili ya huku kwetu, na wengi wa wale walioandika walikuwa wanawamiliki. Mtumwa hakupiga kura, lakini katika kugawa viti vya bunge alihesabiwa sehemu tatu kati ya tano za mtu, ili bwana wake apate viti zaidi. Wenyeji wa ile ardhi waliachwa kando. Wanawake waliachwa kwenye sheria za kila jimbo, na karibu kote hawakupiga kura. Ilihitaji vita ya wao kwa wao, na baadaye miaka mingi ya watu kupigwa na kufungwa, na vifungu vya nyongeza kimoja baada ya kingine, ndipo walioachwa nje wakaanza kuingia.

"Kumbe karatasi nzuri hivyo," alisema, "na mtu yuko nje ya mlango."

"Ndiyo, Ayo."

"Na ya kwetu?"

Nilikuwa na jibu, nikaliuma. Wanangu, kuna wakati kazi yote ya afisa ni kufunga mdomo.

Mama Fabiola akasimama. Hakuwa msemaji, na mikono yake aliificha ndani ya khanga. "Siku kile kifungu kilipofutwa mimi nilicheka pamoja nanyi," alisema. "Nilicheka kwa sababu haikuwa nyumba yangu. Msininyooshee mkono kwa kunihurumia. Mkinihurumia leo, mtachoka kunihurumia. Nyoosheni kwa ajili ya milango yenu." Akakaa.

Mikono ikaanza kupanda, mmoja huku, mmoja kule, mingine ikisita kwenye bega kabla ya kufika juu. Kura ilipita, si kwa wingi wa kujivunia. Mama Katarina hakunyoosha wake. Aliuacha juu ya goti.

"Mimi naogopa," alisema, mbele ya watu wote. "Sitadanganya. Lakini imepita. Kesho ufunguo niko nao, aje."

Kesho yake nilikuwepo. Foleni ilikuwa ndefu tangu asubuhi, madebe na vikapu vimepangwa mpaka barabarani. Mama Fabiola akaja na Fabiola nyuma yake, tumbo liko wazi chini ya khanga, macho ardhini. Hakuna aliyewazuia. Mama Katarina alikuwa amesimama mlangoni, akasogea wakapita. Zamu yao ikafika. Amsi akamimina mahindi yao juu, injini ikabadilisha sauti, unga ukashuka mfukoni mweupe na wa moto, na Fabiola akaushika kwa mikono miwili akaanza kulia bila sauti. Nikadhani tumemaliza. Nilikuwa nimesimama pale najipongeza moyoni.

Kisha nikaiona foleni. Aliyekuwa nyuma yao alikuwa ameinama anajifanya anafunga kikapu chake. Wa nyuma yake akakumbuka kwamba ameacha mtoto nyumbani. Mmoja mmoja wakajisogeza pembeni, bila neno baya, bila kuvunja kifungu hata kimoja, mpaka nyuma ya Fabiola kukawa na uwanja mtupu. Injini ilikuwa inanguruma bure inakula dizeli. Katiba ilikuwa imemfikisha yule binti kwenye mdomo wa mashine, na hakuna kifungu duniani, cha kwetu wala cha Wamarekani, kinachoweza kumlazimisha mtu kusimama nyuma yako. Mama Fabiola akaliona lile pengo. Akaanza kumvuta mwanawe waondoke upesi.

Mama Katarina akaondoka mlangoni. Alikwenda hadi mwisho kabisa wa foleni, mahali alipokuwa ameliweka debe lake kama mwanachama mwingine yeyote, akalinyanyua, akatembea nalo kupita wote. Alipofika kwenye mashine niliona midomo yake inacheza. Sijui alikuwa anasali au anahesabu wale aliowazika. Theresia, mkwe wake, alikuwa amekaa kwenye gogo nje, na unga ule ndio atakaoula jioni. Wote pale tulilijua hilo.

Amsi akamtazama, akamtazama Fabiola. Akapaza sauti juu ya injini. "Mama, niiache kwanza ijisafishe?"

Mama Katarina akamimina debe lake lote.

"Saga," akasema.